Mkulima wa Arakan na Majeruhi Wawili

Wazee wetu walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii twaifundisha shuleni kila mwaka, na watoto huiandika katika daftari zao kwa mwandiko mzuri. Walakini ni mara chache tupatapo katika historia mfano wake uliotimia pande zote. Mfano mmoja wa namna hiyo umo katika sinema iitwayo The Burma Boy, iliyoonyeshwa na televisheni ya Al Jazeera mwaka 2011. Aliyeitengeneza ni mwandishi wa habari Mwingereza, jina lake Barnaby Phillips. Si hadithi ya kubuni. Ni habari ya watu walioishi na kuteseka kweli, na mmoja wao alikuwa yu hai sinema ilipoonyeshwa. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu habari hiyo, kwa sababu vita vile viliwachukua ndugu zetu wa Afrika ya Mashariki pia, nasi hatujayaandika mambo yao kama itupasavyo.

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi Waafrika walivyofika katika nchi ya Burma, ambayo tangu mwaka 1989 serikali yake huiita Myanmar. Mwanzoni mwa mwaka 1942 majeshi ya Wajapani yaliwashinda Waingereza katika Malaya na Singapore, yakaingia Burma pia na kuutwaa mji wa Rangoon mwezi wa Machi. Hapo adui akawa amefika mlangoni mwa Bara Hindi. Waingereza walitaka askari wawezao kwenda mwituni, katika mvua na milima, mahali pasipopitika kwa magari. Basi wakaligeukia bara letu. Divisheni ya 81 na ya 82 zilitoka Afrika ya Magharibi, yaani Nigeria, Gold Coast ambayo leo ni Ghana, Sierra Leone na Gambia. Divisheni ya 11 ilitoka Afrika ya Mashariki. Alama ya Divisheni ya 81 ilikuwa buibui, yule mjanja wa ngano za Gold Coast, kama sungura alivyo kwetu. Na alama ya Divisheni ya 11 ilikuwa kichwa cha kifaru. Waafrika waliovushwa bahari kwenda vita hivyo wahesabiwa kuwa karibu 100,000.

Mmoja katika hao alikuwa Isaac Fadoyebo. Alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Emure-Ile, upande wa magharibi wa Nigeria, katika kabila la Wayoruba. Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 16 tu, alijiandikisha jeshini. Kijana wa umri ule hakuwa na neno na Mjapani, wala Mjapani hakuwa na neno naye. Jeshi lilimfanya dresa, kazi yake kuwafunga vidonda askari walioumia, akawekwa katika kituo kimoja cha kupokea majeruhi.

Mwanzoni mwa mwaka 1944 Divisheni ya 81 ilikuwa ikishuka bonde la mto Kaladan, katika jimbo la Arakan, magharibi ya Burma. Hapakuwa na barabara. Askari wenyewe walichimba njia milimani, yenye urefu wa maili zaidi ya 70, ili wapate kuingia bondeni. Na walipokwisha kuingia, chakula na risasi vililetwa na ndege na kuangushwa chini, kisha mizigo ikachukuliwa vichwani na wapagazi wa jeshi. Mwezi wa Machi, watu wa kituo cha Isaac walipokuwa kando ya mto, Wajapani waliwashambulia ghafula. Wengi waliuawa. Isaac alipigwa risasi mguuni, mfupa ukavunjika, na tumboni pia akajeruhiwa. Karibu naye alisalia majeruhi mwingine, David Kargbo, mtu wa Sierra Leone.

Mambo yakazidi kuwa mabaya. Katika majuma yaliyofuata Wajapani waliirudisha nyuma Divisheni ya 81, nayo ikaliacha bonde. Basi majeruhi wale wawili wakabaki katika nchi iliyo mikononi mwa adui, mmoja hawezi kusimama kwa mguu wake, dawa hawana, na jeshi lao halijui kama wangali hai. Aliyepata kumwuguza mtu aliyevunjika mguu, hata penye hospitali na kitanda, aweza kukisia hali yao ilikuwaje pale mwituni.

Waliowaona walikuwa wenyeji wa vijiji vya kando ya mto, wakulima wa mpunga, Waislamu wa jamii iitwayo leo Rohingya. Walianza kwa kuwaletea chakula kule kule mwituni walikolala. Lakini kumsaidia askari wa Waingereza mahali pale kulikuwa jambo la hatari kubwa, kwani Wajapani walikuwa karibu, na adhabu yao ilijulikana. Mkulima mmoja, jina lake Shuyiman, hakurudi nyuma. Aliendelea kuwatunza wageni wale, na hatimaye akawachukua akawatia nyumbani mwake, mlimokuwa na watoto wake mwenyewe. Kutoka siku waliyojeruhiwa hata siku waliyookolewa ilipita miezi tisa. Mwezi wa Desemba 1944 majeshi ya Waingereza yalirudi katika bonde, na askari wa Kigurkha wakawakuta Isaac na David wote wawili wazima. Mwaka 1945 Isaac alirudi kwao Nigeria, akichechemea. Na hivyo ndivyo alivyotembea maisha yake yote.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa maana mwenye kusoma historia hapaswi kusifu tu; yampasa kuuliza kwa nini. Wako watakaosema ya kuwa Shuyiman alifanya vile kwa sababu ya siasa ya nchi yake. Nao wana neno la kusema. Mwaka 1942, Waingereza walipoikimbia Arakan, Waislamu na Wabudha wa jimbo lile waliuana, na vijiji vingi viliangamizwa. Wabudha wengi walikuwa upande wa Wajapani, na Waislamu wengi upande wa Waingereza. Kwa hiyo mkulima Mwislamu alikuwa na sababu ya kutaka Wajapani washindwe.

Twakubali; lakini sababu hiyo haitoshi. Siasa yaweza kumfanya mtu atoe sahani moja ya wali usiku mmoja. Haiwezi kumfanya akeshe miezi tisa, masika yote mpaka mavuno, akigawanya chakula cha watoto wake na watu wawili wasioweza kumlipa, huku akijua ya kuwa neno moja la jirani latosha kuipoteza nyumba yake nzima. Na jirani zake waliokuwa na siasa iyo hiyo hawakufanya wote kama yeye. Tofauti iliyokuwapo kati yake na wengine haikutoka katika siasa, bali katika moyo wa mtu.

Tena wako watakaouliza kama huo waweza kuitwa urafiki. Rafiki, wasema, ni watu walio sawa, wenye kuchaguana, wenye kuzungumza. Hawa lugha zao zilikuwa mbalimbali, dini yao mbalimbali, kwa kuwa Isaac alikuwa Mkristo, na mmoja alikuwa mikononi mwa mwenzake kama mtoto mchanga. Sisi twajibu kwamba methali ya wazee haikusema akufanane wala akuzungumzaye, ilisema akufaaye. Nasi Wakristo twaikumbuka habari ya yule Msamaria njiani kuelekea Yeriko. Hatuambiwi kama yeye na yule aliyepigwa na wanyang'anyi walikuwa na maneno mengi ya kuambiana; twaambiwa alivyomfunga jeraha zake, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa gharama. Wengi wetu tumezoea kumtia Mkristo katika nafasi ya Msamaria kila tuhubiripo. Katika habari hii Mkristo ndiye aliyelala njiani, na Mwislamu ndiye aliyeshuka.

Isaac alikaa Lagos, akafanya kazi ya serikali, akaoa, akazaa. Shuyiman alibaki kwake Arakan, nao hawakuonana tena kamwe. Vitabu vya vita vilipoandikwa, vilieleza majemadari, mito iliyovukwa na miji iliyotwaliwa. Hapakuwa na mahali pa mkulima wa mpunga. Jina lake lingalipotea kabisa kama Isaac katika uzee wake asingalishika kalamu akaandika habari ya maisha yake vitani. Maandiko hayo yalipigwa chapa mwaka 1999 kwa jina A Stroke of Unbelievable Luck. Barnaby Phillips aliyasoma, akaenda Lagos kumtafuta mzee mwenyewe. Kisha, mwaka 2011, akasafiri hata Arakan akiwa na barua ya Isaac, aitafute jamaa ya Shuyiman.

Hiyo ndiyo sinema. Shuyiman alikuwa amekwisha kufa, lakini wazao wake walipatikana, nao habari ya Mwafrika aliyefichwa nyumbani mwao haikuwa ngeni kwao. Barua ikasomwa, yenye shukrani zilizochelewa miaka zaidi ya 60. Msafiri akarudi Lagos na habari na picha, na mzee Isaac akaziona kabla ya kufa kwake. Alifariki mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka 2014 Phillips aliandika kitabu pia, kiitwacho Another Man's War, yaani vita vya mtu mwingine.

Lakini habari haikuishia katika machozi ya furaha, na mwalimu wa kweli hatakiwi kuifunga hapo. Jamaa za Rohingya waliowasaidia Waingereza wakati wa vita hawakupata heshima nchini mwao. Sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwaacha wengi wao bila haki ya uraia katika nchi waliyozaliwa. Mwaka 2012, mwaka ule ule aliofariki Isaac, machafuko makubwa yalitokea Arakan, ambayo leo huitwa Rakhine. Nyumba zilichomwa na watu wengi wakafukuzwa makwao. Na tangu Agosti 2017, katika muda wa miezi michache, Rohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh kwa kuyahofia majeshi ya nchi yao wenyewe. Basi watu wa jamii ile iliyowapa hifadhi wageni walioanguka mlangoni mwao, wao wenyewe wakawa wakimbizi. Isaac alilipa sehemu ya deni lake kwa barua. Dunia iliyopigana vita vyake katika mashamba yao haijalipa.

Sasa na tutazame kwetu. Divisheni ya 11, yenye askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw katika masika ya mwaka 1944, kwenye matope na malaria, hata ikautwaa mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu karibu 1,300 walikufa, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wajuao jina la meli hiyo? Ni nyumba ngapi zenye nishani ya Burma Star ndani ya sanduku, na wajukuu hawajui ilipewa nani wala kwa kazi gani?

Wazee waliorudi Burma wamekwisha kutuacha karibu wote. Hata hivyo wana wao wangalipo, wengine wazee pia, nao walisikia mengi jioni kando ya moto. Twawasihi waalimu wenzetu na wasomaji wote: waendeeni na daftari. Waulizeni jina la batalioni, jina la meli, jina la mto. Waulizeni nani alimpa baba yao maji alipokuwa na homa, na nani alimwonyesha njia. Andikeni majina hayo kwa wino, pamoja na mwaka na kijiji, mkaiweke nakala moja shuleni na nyingine kanisani. Isaac Fadoyebo hakuwa mwandishi wa vitabu kwa kazi yake. Alikuwa mtu wa ofisini tu, mwenye mguu mmoja mbovu na kumbukumbu nzuri. Walakini kwa sababu aliandika, barua iliweza kufika Arakan, na watoto wa mkulima wakasikia kutoka mbali ya kuwa baba yao hakusahauliwa.