Majira Manne, Homa Moja: Wachina wa Kale, Kalenda na Malaria

Ukifungua sura ya pili ya Suwen, sehemu ya kwanza ya kitabu cha tiba cha Kichina kiitwacho Huangdi Neijing, hukutani na dawa hata moja. Unakutana na ratiba ya kulala. Wakati wa machipuko, chelewa kulala, wahi kuamka, tembea uani taratibu nywele zikiwa zimefunguliwa. Wakati wa joto usilichoke jua wala usijaze hasira moyoni. Majani yakianza kupukutika, lala mapema, uamke na majogoo. Baridi ikishaingia, lala mapema vilevile, lakini safari hii usitoke kitandani mpaka jua lionekane.

Ni ushauri ambao bibi yako angeweza kukupa bila kusoma popote. Leo umejaa kwenye kalenda, kwenye programu za simu na kwenye vitabu vya kujitunza kwa misimu, ukiuzwa kama hekima ya miaka maelfu isiyobadilika. Ila wanaoutangaza huacha nusu ya pili ya kila agizo. Kwa sababu kila agizo lina adhabu yake, na adhabu haiji papo hapo, inakuja msimu unaofuata. Ukiyakaidi majira ya joto, sura inasema, moyo utaumia, na majani yakianza kupukutika utapatwa na nüe.

Nüe ni nini? Sura nyingine ya kitabu hichohicho inaieleza vizuri sana. Unaanza kupiga miayo, kisha unatetemeka kwa baridi mpaka taya zinagongana, kisha joto kali, kichwa kinapasuka, kiu haishi. Halafu unapata nafuu. Kesho, au keshokutwa, inarudi. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji mkalimani hapa. Kwa sehemu kubwa, hiyo ni malaria.

Kwa hiyo hebu tuifuate homa hiyo.

Kalenda ya bonde moja

Huangdi Neijing hakikuandikwa na mtu mmoja. Kilikusanywa na mikono mingi, karibu karne ya 1 KK, enzi ya utawala wa Han, na matini ya Suwen tuliyonayo ilipangwa upya na Wang Bing mwaka 762 BK. Kimeandikwa kama mazungumzo kati ya Mfalme wa Manjano, ambaye ni mfalme wa hadithi, na mshauri wake Qi Bo. Majira wanayoyazungumzia si ya dunia nzima. Ni ya kaskazini mwa China, kwenye bonde la Mto Manjano, ambako kuna baridi ya kugandisha maji na kiangazi chenye joto na mvua kwa pamoja. Huko ndiko wakulima na wanajimu walikougawa mwaka katika vipindi 24 vya jua, kila kimoja siku 15 hivi, vikiwa na majina kama Kuamka kwa Wadudu, Umande Mweupe na Baridi Kuu. Orodha yake kamili imo kwenye kitabu cha Huainanzi cha mwaka 139 KK, na mwaka 2016 UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa binadamu.

(Nimelikwepa neno "vuli" kwa makusudi. Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, yao ni majani kudondoka.)

Kalenda hiyo haikuwa ya mashamba tu. Dola lenyewe lilitakiwa kwenda na majira: hukumu za kifo, kwa mfano, zilisubiri miezi ya majani kupukutika na ya baridi, kwa sababu kuua watu wakati mimea inachipua kulionekana ni kushindana na mbingu. Mwili wa mtu ukachukuliwa kama dola dogo. Ini likapewa machipuko, moyo ukapewa joto, mapafu yakapewa mapukutiko, figo zikapewa baridi. Tatizo ni kwamba nadharia yao ilikuwa na awamu tano, yaani mti, moto, udongo, metali na maji, wakati majira ni manne. Wakafanyaje? Wakakata kipande mwishoni mwa majira ya joto, wakakiita kiangazi kirefu, wakakipa wengu. Mimi hapo naona fundi cherehani aliyepungukiwa kitambaa.

Walijua lini

Sasa tusiwacheke haraka. Waandishi hao waliona jambo la kweli kabisa: kule kwao homa ile ilipanda baada ya joto. Leo tunajua sababu. Mvua za kiangazi zinaacha madimbwi, mbu aina ya Anopheles wanazaliana, na kimelea kikishaingia ndani ya mbu kinahitaji siku kumi au zaidi kukomaa kabla hakijaweza kuambukiza mtu mwingine. Ongeza wiki mbili hivi za kimelea kukua mwilini kabla ya homa kutokea. Jumlisha hayo yote, wagonjwa wanarundikana mwishoni mwa joto na mwanzoni mwa mapukutiko. Ndiyo maana hata kwetu wagonjwa hawaongezeki siku ya mvua ya kwanza ya masika, huongezeka wiki kadhaa baadaye.

Hata lile wazo kwamba ugonjwa unaweza kujificha mwilini msimu mmoja ukatokea msimu mwingine si upuuzi mtupu. Kimelea cha Plasmodium vivax, ambacho ndicho kilichoenea zaidi kwenye nchi zenye baridi, huweza kulala ndani ya ini kwa miezi kabla ya kuamka. Na wazee kujitunza zaidi wakati wa baridi kuna mantiki yake pia: shinikizo la damu hupanda kidogo hali ya hewa ikipoa, na vifo vya moyo na mapafu huongezeka.

Kilichokosekana ni kwa nini. Neijing ilisema joto linajificha chini ya ngozi, kisha upepo wa mapukutiko unalifungia ndani. Mbu hayumo kabisa kwenye hesabu. Na Wachina hawakuwa peke yao, kwani jina "malaria" lenyewe ni la Kiitaliano na maana yake ni hewa mbaya. Ilibidi kusubiri mpaka 1880, Alphonse Laveran alipokiona kimelea kwenye damu ya askari huko Algeria, na 1897, Ronald Ross alipokiona ndani ya mbu huko India.

Daktari aliyeikana kalenda

Kabla ya hapo, ndani ya tiba ya Kichina yenyewe, kuna mtu aliyeutikisa msingi wa nadharia ya majira, na kwangu huyu ndiye anayestahili kukumbukwa kuliko wote. Anaitwa Wu Youxing, wa eneo la Suzhou.

Mwaka 1641, utawala wa Ming ukiwa unakaribia kuanguka, gonjwa la mlipuko lilisambaa Shandong, Zhejiang na mikoa jirani. Madaktari walikuwa na mwongozo wao: kitabu cha Zhang Zhongjing kuhusu homa za baridi, cha mwanzoni mwa karne ya 3. Zhang naye alikiandika kwa uchungu, kwani alieleza kwamba ukoo wake wa watu zaidi ya mia mbili ulipoteza theluthi mbili ndani ya miaka isiyofika kumi, wengi wao kwa homa. Heshima ya kitabu hicho ilikuwa kubwa mno. Lakini Wu aliona wagonjwa wakitibiwa kwa kufuata kitabu, na wakifa.

Mwaka 1642 akaandika kitabu chake kuhusu magonjwa ya mlipuko. Hoja yake, kwa ufupi, ni hii: joto kuja mapema au baridi kuchelewa ni mambo ya kawaida, hutokea miaka mingi bila mlipuko wowote, kwa hiyo hayawezi kuwa ndiyo sababu. Kuna kitu mahususi, kila ugonjwa na chake, kinachoingia kwa mdomo na pua. Na akatoa ushahidi ambao mfugaji yeyote anauelewa: ng'ombe wanaugua, kondoo walio jirani nao hawana shida, kuku wanaugua, bata wazima. Kama tatizo lingekuwa msimu, si wangeugua wote? Wote wamepigwa na baridi ileile!

Hakugundua bakteria, na tusimvike joho la karne ya 19. Hakuwa na hadubini. Ila aliuliza swali sahihi, tena akiwa ndani ya mapokeo yaleyale, na hakufukuzwa. Waliomfuata waliendeleza mawazo kuhusu homa za joto, hasa madaktari wa kusini ambao walikuwa wamechoka kutibu watu wa Suzhou na Guangdong kwa vitabu vya watu wa bonde lenye barafu. Guangdong hakuna barafu. Kuna unyevu na joto karibu mwaka mzima, na watu wake walikuwa na desturi yao: liangcha, chai chungu za mitishamba za "kupoza" mwili. Duka la Wanglaoji la Guangzhou, ambalo leo jina lake liko kwenye makopo ya kinywaji, lilianza 1828. Kwa hiyo ukisikia ushauri wa Kichina wa msimu, muulize anayekupa: wa mkoa gani?

Haradali mgongoni

Desturi moja ya msimu bado ina nguvu sana leo. Katika siku za joto kali kupita zote, Julai na Agosti, watu hupanga foleni kwenye hospitali za tiba ya asili kubandikwa dawa mgongoni, ili wasipate pumu na kikohozi wakati wa baridi. Kanuni yake ni kutibu ugonjwa wa baridi wakati wa joto. Zhang Lu aliieleza mwaka 1695: mbegu za haradali nyeupe na mitishamba mingine inasagwa, inachanganywa na maji ya tangawizi, inabandikwa sehemu maalumu mgongoni. Haradali inawasha, ngozi inakuwa nyekundu, wengine wanatoka malengelenge.

Inafanya kazi? Majaribio ni mengi, lakini mengi yake ni dhaifu, na ugumu mmojawapo unaeleweka: utambandika nani dawa bandia isiyowasha halafu asijue? Mtoto wa pumu akipata nafuu, pumu yenyewe ina kawaida ya kupanda na kushuka. Mtu mzima akitaka kubandikwa, shauri yake. Kumwachisha mtoto dawa ya kuvuta kwa sababu amebandikwa haradali, hapo ni hatari.

Jani na msimu wake

Turudi kwenye nüe. Mwaka 1967 vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, malaria ilikuwa ikiangusha wanajeshi, na klorokwini ilikuwa inashindwa. Tarehe 23 Mei serikali ya China ilianzisha mradi wa siri ulioitwa 523 kwa tarehe hiyo. Mwaka 1969 Tu Youyou, mtaalamu wa dawa wa Beijing, alipewa kuongoza kikundi. Walikusanya maelekezo ya zamani yapatayo 2,000 na kujaribu dondoo zaidi ya 380 kwa panya. Mmea wa qinghao, artemisia, ndugu wa pakanga, ulionyesha nguvu, kisha nguvu ikapotea jaribio lililofuata.

Tu akarudi kwenye kitabu cha tiba za dharura cha Ge Hong, wa karne ya 4, na kuona kitu kilichompita kila mtu. Ge Hong hakusema uchemshe. Alisema uloweke, ukamue, unywe maji yake. Huenda moto ndio ulikuwa unaiua dawa. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilimaliza vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili wakainywa kwanza wenyewe. Nobeli ilikuja 2015, lakini kwetu dawa ilishafika zamani: ndiyo iliyomo kwenye dawa mseto.

Kumbe na majira yalikuwa na sehemu yake. Sababu moja ya matokeo kuyumba ilikuwa wakati wa kuvuna: artemisinini iko kwenye majani, na hupanda zaidi kabla tu mmea haujatoa maua. Msimu ulikuwa na maana kweli, ila kwenye jani.

Wanaochemsha majani hayo nyumbani na kunywa kama chai ya kinga wajue kwamba artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kiasi hubadilika kutoka shamba hadi shamba. Dozi nusunusu ya namna hiyo ndiyo inayompa kimelea nafasi ya kuzoea dawa, na dalili za usugu tayari zimethibitishwa Rwanda na Uganda. Shirika la Afya Duniani halishauri chai hizo.

Kinga ya malaria inayofuata majira, hata hivyo, ipo, na inafanya kazi. Mwaka 2012 shirika hilohilo lilipendekeza watoto wadogo wa ukanda wa Sahel wapewe SP pamoja na amodiakwini kila mwezi katika miezi ya mvua. Tangu 2021 mpango huo umejaribiwa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Kalenda yake hupangwa kwa vipimo vya mvua na rejista za vituo vya afya, na dozi ya kwanza mtoto hupewa akiwa bado anakimbia uani, hana homa.