Mkwaju Hakufika Dodoma

Tuseme kweli, ndugu msomaji: wengi wetu tuliokulia Tandika, Mbagala au Manzese tunamkumbuka Mkwaju kuliko mawaziri wa wakati ule. Mkwaju, dereva wa lori, mke nyumbani na vimada njiani. Alikuwa mtu wa kutungwa tu, wa mchezo wa Twende na Wakati ulioanza Redio Tanzania Dar es Salaam Julai 1993, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Lakini mtaani jina lake likageuka sifa mbaya. Mwanamume kiguu na njia akaitwa Mkwaju, na kila mtu akaelewa.

Wengi hatukujua kwamba wakati sisi tunamsikiliza, Dodoma walikuwa hawamsikii. Wala si kwamba mitambo iliharibika. Ilipangwa hivyo.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walijulikana Kagera mwaka 1983. Miaka kumi baadaye kila mtaa una msiba wake, na dawa za kurefusha maisha hazikuanza kutolewa bure mpaka 2004. Silaha iliyokuwepo ilikuwa maneno. Ndipo Redio Tanzania, ikisaidiwa na shirika la Population Communications International la New York, ikatumia mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico: mhusika mwema, mhusika mbaya, na wa katikati anayebadilika taratibu huku msikilizaji akimfuata. Tunu, mke wa Mkwaju, akajifunza kujitegemea. Mkwaju akafa kwa UKIMWI.

Sasa swali: je, mchezo ulibadilisha watu? Watafiti waliohojiwa kuhusu hilo wangeweza kutaja tarakimu moja tamu. Kati ya wasikilizaji walioulizwa, asilimia 82 walisema wamebadili mwenendo wao kwa sababu ya mchezo. Lakini kusema si kutenda. Mtu akigongewa mlango na mgeni mwenye karatasi ya maswali, atajibu la kumpendeza mgeni. Tena miaka hiyo kulikuwa na mabango, semina, mahubiri, na mazishi yenyewe. Nani amebadilishwa na nini?

Kwa sababu hiyo Peter Vaughan, Everett Rogers, Arvind Singhal na Mtanzania R. M. Swalehe walihitaji mahali pa kulinganisha. Tangu 1993 mpaka 1995 kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine mchezo ulipokuwa hewani kwingineko. Watu wakahojiwa pande zote mbili, kila mwaka. Kulikosikika mchezo, watu walipunguza idadi ya wapenzi na matumizi ya kondomu yakaongezeka, kuliko Dodoma. Mwaka 1995 mchezo ukafunguliwa Dodoma pia, na mengi ya mabadiliko hayo yakajitokeza huko. Hapo huwezi kusema ni porojo.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mwaka 1993 Bara ilikuwa na redio moja tu, ya serikali. Mwaka 1994 Radio One ikaingia, na baadaye vituo vikamea kama uyoga. Leo huwezi kufungia mkoa mzima sauti.

Hata hivyo karatasi ya maswali ina upofu wake. Humhoji mtu mmoja mmoja, kana kwamba kila mtu na redio yake. Nyumba zetu za uswahilini si hivyo: vyumba vimepangana kushoto na kulia, ukumbi katikati, baraza mbele. Redio ya mpangaji mmoja ni redio ya nyumba nzima. Mchezo ukiisha ndipo kesi inapoanza: Tunu avumilie au aondoke? Mama aliyeshindwa kumwambia mumewe neno "kondomu" aliweza kumsema Mkwaju kwa sauti, na mume akiwa palepale anasikia. Watafiti wenyewe waliona kwamba mazungumzo baina ya wasikilizaji yana nguvu. Lakini baraza haliingii vizuri kwenye kisanduku cha ndiyo na hapana.

Linabaki la Dodoma. Wako watakaosema ilikuwa dhambi kuwanyima watu neno la kuokoa maisha kwa miaka miwili. Mimi siendi mbali hivyo: mwaka 1993 hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mchezo ungesaidia, na bila Dodoma tusingejua. Lakini huwezi pia kusema haikuwa na gharama. Miaka miwili ni mingi kwa ugonjwa ule. Tunapojisifu kwamba redio yetu iliokoa watu, na ushahidi tunao, tukumbuke ushahidi huo ulitoka wapi. Sisi wa Temeke na Kinondoni tulipata mchezo. Ukimya wa Dodoma ndio uliothibitisha kwamba mchezo ulifanya kazi, na kwa hilo tuna deni kwao.