Mtoto ni wa Nani? Ridhaa ya Utafiti wa Jeni Kisii na Nyamira

Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake, nchini Marekani, walionyesha kwamba selimundu ni ugonjwa wa molekuli ya himoglobini. Mwaka huohuo mtafiti Anthony Allison alikuwa Kenya akikusanya damu ya watu wa jamii mbalimbali. Aligundua kuwa jeni ya selimundu imeenea pwani na kando ya Ziwa Victoria lakini ni haba katika nyanda za juu. Ni mwaka huo pia ambapo mwanaanthropolojia Philip Mayer alichapisha utafiti wake kuhusu nasaba za Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira. Watafiti wa jeni huwasoma wawili wa kwanza. Anayekwenda Kisii au Nyamira kuomba damu angefaa aanze na Mayer.

Kwa mila ya Abagusii, mtoto ni wa yule ambaye ng'ombe wake walimwoa mama. Mjane akizaa na ndugu wa marehemu, mtoto ni wa marehemu. Mwanamke asiye na mwana wa kiume aliweza kutoa mahari na kumleta mokamwana, mkaza mwana, na watoto wa huyo mokamwana wakaingia katika egesaku, yaani ukoo, wakiwa na haki zote. Hakuna aliyedanganywa hapo, kwani kijiji kizima kilijua. Jenetiki nayo inauliza jambo lingine kabisa: mbegu ilitoka kwa nani?

Ndipo maelezo ya ridhaa yanapokwama. Fomu ikisema mtoto hurithi jeni kwa baba na mama, mzee wa Nyamira anaweza kuitikia kwa dhati, na baba aliye akilini mwake asiwe yule ambaye mashine itamsoma. Kutafsiri fomu kwa Ekegusii fasaha, lugha ya Abagusii, hakutoshi. Lazima ieleze wazi kwamba kipimo hakijui mahari.

Kwa mchango wa mama, lugha ina msingi tayari. Katika ndoa ya wake wengi kila mke alikuwa na enyomba yake, na shamba na mifugo viligawanywa kwa kufuata nyumba hizo. Jamii inayohesabu ukoo kwa baba, lakini haimsahau mama katika urithi, haishindwi kuelewa kuwa nusu ya jeni za mtoto hutoka kwake.

Chukua mfano wa selimundu, maana Kisii na Nyamira zote zinapakana na Homa Bay, na watu wa nyanda za juu na wa ziwani huoana. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa jeni hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba: mtoto wa kwanza akiugua, hilo haliwakingi watatu wanaofuata. Mtoto akipatikana mgonjwa na anayeitwa baba si mbebaji, karibu kila mara jibu ni kwamba baba wa damu ni mwingine. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliposhauriana na jamii kuhusu kurudisha majibu ya selimundu, hofu ya mama kulaumiwa na ndoa kuvunjika ilijitokeza waziwazi.

Kuna wanaohoji kuwa kutaja mapema kwamba kipimo kinaweza kufichua baba wa damu kutawafukuza watu. Pengine baadhi wataondoka. Lakini anayekataa baada ya kuelewa ametumia haki yake, na anayekubali bila kuelewa amenyang'anywa haki hiyo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 yenyewe inazihesabu taarifa za jeni, pamoja na majina ya wazazi na watoto, kuwa data nyeti.

Hoja nyingine ni kwamba vijana wamesoma, kwa hiyo Kiingereza au Kiswahili kinatosha. Kijana aliyefaulu biolojia kidato cha nne bado hushauriana na nyanya yake kwa Ekegusii kabla ya kutoa damu ya mwanawe. Zaidi ya hayo, mwanaanthropolojia Thomas Håkansson alionyesha miaka ya 1980 jinsi ndoa zisizo na mahari zilivyoongezeka, kwa hiyo swali la mtoto ni wa nani limekuwa uwanja wa ugomvi halisi, wenye mashamba ndani yake.

Kwa hiyo maelezo yatungwe na wanawake na wazee wa Gusii pamoja na wanasayansi, kabla kamati ya maadili haijapitisha utafiti. Idhini ya wazee isichukuliwe kuwa ridhaa ya mama mwenye mtoto. Naye aulizwe akiwa peke yake, ajibu kwa maneno yake mwenyewe: damu hii inaweza kusema nini kuhusu nyumba yako, na ungependa nani aambiwe? Akishindwa kujibu, sindano isubiri.