Redio Iliyonyamaza Ili Mtoto Aseme

Mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Moi, ambacho makao yake yako Kesses, nje ya Eldoret, kilishirikiana na kampuni ya Ureno, JP Sá Couto, kikapata zabuni ya kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za kaunti 26 za Kenya. Kaunti 21 zilizosalia zilikwenda kwa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Hivyo ndivyo ahadi ya kampeni za uchaguzi za 2013 ilivyotimizwa: vipakatalishi vilivyoahidiwa watoto wa darasa la kwanza viligeuka vishikwambi vyenye masomo ndani yake, Kiingereza kikiwemo.

Eldoret ina sababu ya kuvijali. Mtoto wa Langas mjini huzungumza Kiswahili mtaani, wa Moiben mashambani huamka na Kikalenjin, na kwa wote wawili Kiingereza ni lugha ya shule. Wasipokisikia na kukizungumza darasani, hawana kwingine pa kukipata, ilhali mitihani karibu yote inawasubiri kwa lugha hiyo.

Miaka zaidi ya thelathini kabla ya vishikwambi, Kenya ilikuwa imejaribu kifaa cha bei nafuu zaidi. Mapema miaka ya 1980, Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa ufadhili wa Marekani, iliandaa vipindi vya redio vya Kiingereza kwa darasa la kwanza hadi la tatu. Viliitwa English in Action. Kila darasa lilikuwa na vipindi 195 kwa mwaka, kila kimoja nusu saa, na shule za majaribio zilichaguliwa katika wilaya mbalimbali. Redio iliuliza swali, kisha ikanyamaza. Katika kimya hicho darasa zima lilijibu kwa sauti, ndipo redio ikatoa jibu sahihi na kuendelea. Watoto waliimba, wakasimama, wakagusa vitu walivyotajiwa, huku mwalimu akizunguka na kuwaelekeza. Hata yule wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida angemaliza wiki nzima bila kutamka sentensi moja ya Kiingereza, alijikuta akisema pamoja na wenzake.

Wanafunzi hao waliwashinda wenzao wasiosikiliza vipindi, katika kusikiliza na hata katika kusoma. Lesotho iliuchukua mfumo huo, na baadaye Afrika Kusini. Kwetu, ufadhili ulipokwisha, haukuenea nchi nzima. Naliona hili kuwa hasara kubwa katika historia ya elimu yetu.

Kishikwambi kina picha na sauti, na mtoto anaweza kurudia neno apendavyo. Lakini kinataka umeme, chumba chenye mlango imara na mwalimu aliyefundishwa kukitumia. Katika shule nyingi, hofu ya wezi ilivifungia vifaa kabatini.

Jaribio lililofanywa Kisumu kabla ya zabuni ile lingepaswa kusomwa kwa makini zaidi. Shule zilizopewa vitabu na mafunzo ya walimu ziligawanywa: baadhi ya wanafunzi walipewa vifaa vya kielektroniki vya kusomea, baadhi ya walimu wakapewa vishikwambi, na kwingineko vishikwambi vikapewa maafisa wanaowatembelea walimu darasani. Matokeo ya kusoma hayakutofautiana sana baina ya makundi hayo, ila gharama zilitofautiana mno, na njia ya maafisa ndiyo iliyokuwa nafuu. Ndiyo iliyofuatwa na Tusome, mpango wa kufundisha kusoma, kuanzia 2015: afisa aliketi darasani, akamsikiliza mtoto akisoma kwa Kiingereza au Kiswahili, akarekodi kwenye kishikwambi, kisha akazungumza na mwalimu kuhusu somo hilo.

Machi 2020, Covid ilipofunga shule, masomo yalihamia redioni kupitia Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Safari hii mtoto alisikiliza nyumbani, na mwalimu wake hakuwepo kusikia anajibu nini.