Tembo wa Tabora asiuzwe kwa mizani: Picha zinavyopima daraja la sarafu kongwe

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

KATIKA ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama hadi Geita, mtu akileta kipande cha dhahabu sokoni huulizwa mambo mawili tu: kina uzito gani, na kina karati ngapi. Mizani hujibu swali la kwanza, mashine ya kupimia madini hujibu la pili, na bei hupatikana papo hapo. Utaratibu huo umewafaa wachimbaji wadogo, hasa tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019. Hata hivyo, kuna kitu kimoja cha dhahabu ambacho mwenye nacho akikipeleka kwenye mizani hiyo atakuwa amekitupa: sarafu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916.

Sarafu hiyo ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu, yaani karati 18. Sonara atakayeiyeyusha atapata dhahabu halisi isiyozidi gramu 5.4. Lakini katika minada ya sarafu ya Ulaya na Marekani, sarafu hiyo hiyo huuzwa kwa mara kadhaa ya thamani ya dhahabu iliyomo. Tofauti hiyo haitokani na madini. Inatokana na uchache wake, historia yake na, kwa kiasi kikubwa, hali yake: imechakaa kwa kiasi gani, imekwaruzwa wapi, imewahi kusuguliwa au la.

Hali hiyo hupimwaje? Wakazi wa Shinyanga hawahitaji kwenda mbali kupata mfano. Almasi ya Mwadui haiuzwi kwa uzito peke yake, kwani rangi yake hupimwa kwa kulinganishwa na mawe ya mfano ambayo rangi zake zinajulikana. Wapimaji wa sarafu nao hulinganisha, ila kwa kuwa si rahisi kwa kila mmoja wao kuwa na sarafu za mfano za kila daraja, walitafuta kitu kinachoweza kuchapwa na kusambazwa: kitabu cha picha.

Kipimo chenyewe kilianzia Marekani. Mwaka 1949, William Sheldon alichapisha kitabu juu ya senti kubwa za shaba za nchi hiyo, ndani yake akaweka ngazi ya 1 hadi 70. Wazo lake lilikuwa la kibiashara: sarafu ya daraja la 70 iwe na bei mara 70 ya ile ya daraja la 1. Hesabu hiyo ya bei haikudumu, lakini namba zenyewe zimebaki mpaka leo. Daraja la 1 ni sarafu iliyolika kiasi kwamba hutambulika kwa shida. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikupita mikononi mwa watu sokoni. Katikati kuna majina yanayoweza kumpotosha mgeni. Daraja la 4, kwa mfano, wafanyabiashara huliita “nzuri”, ilhali sarafu yenyewe imebaki na umbo la nje tu na maandishi machache.

Namba pekee hazikumaliza ugomvi. Muuzaji alisema 40, mnunuzi akasema 20, na kila mmoja alikuwa na maneno yake. Martin Brown na John Dunn walijaribu kuweka utaratibu kwa kitabu chao cha mwaka 1958, kilichokuja kutegemea michoro ya mistari. Mwaka 1970 James Ruddy akatoa kitabu chake, Photograde, ambamo kila aina ya sarafu ilipangwa kwa picha, kutoka iliyochakaa kabisa hadi isiyotumika karibu. Msomaji aliweka sarafu yake kando ya ukurasa akatazama inafanana na ipi. Chama cha wakusanya sarafu cha Marekani kilitoa viwango vyake rasmi mwaka 1977, kwanza kwa michoro. Picha zilikuja katika matoleo ya baadaye. Katika miaka ya 1986 na 1987 zikaanza kampuni za PCGS na NGC, ambazo hupokea sarafu, huipa daraja na kuifungia ndani ya kasha la plastiki lenye namba.

Kuchapisha vitabu vya namna hii si kazi nyepesi kama inavyoonekana. Kwa kila aina ya sarafu zinahitajika sarafu kadhaa, moja kwa kila daraja, zilizokwisha kukubaliwa na wajuzi zaidi ya mmoja. Zote zipigwe picha kwa ukubwa mmoja na kwa mwanga wa upande uleule, pande zote mbili, kwani mwanga ukihamishwa kidogo tu mkwaruzo hupotea na sarafu ya daraja la 20 ikaonekana ya 40. Kisha uchapaji nao usiharibu: karatasi duni hufuta mistari myembamba ambayo ndiyo hasa mpimaji anaitafuta. Tena kuna jambo ambalo picha iliyotulia haiwezi kulionyesha vizuri, nalo ni mng'aro wa asili wa sarafu mpya, unaozunguka juu ya uso wake pale inapogeuzwa polepole chini ya taa. Ndiyo maana vitabu vya picha huaminika zaidi kwa sarafu zilizotumika, na kidogo kwa zile za daraja la 60 kwenda juu, ambako namba moja huweza kubadili bei sana.

Vitabu vyote vilivyotajwa vinahusu sarafu za Marekani na vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwenye rupia ya Wajerumani mkoani Shinyanga hatamkuta tembo wake humo. Atakachokikuta ni kanuni, nayo inahamishika: sarafu huanza kulika pale palipoinuka zaidi. Kwa sarafu ya Tabora, upande mmoja una tai wa dola ya Ujerumani, upande wa pili una tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima, na chini ya mwaka kuna herufi T ya Tabora. Basi zitazamwe kwanza kifua cha tai, kichwa na bega la tembo.

Hapa, hata hivyo, pana mtego. Sarafu za Tabora zilikuwa za dharura. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefunga bahari, fedha kutoka Ujerumani haikuingia, na serikali ya koloni ikaamua kupiga sarafu katika karakana ya reli mjini humo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ulioko Iramba katika mkoa wa sasa wa Singida. Zilipigwa sarafu 16,198 za dhahabu, za aina mbili zinazotofautishwa na pambo dogo lililo chini ya neno OSTAFRIKA: katika 9,803 pambo liko chini ya herufi moja, katika 6,395 liko chini ya nyingine. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliuteka mji. Kutokana na mazingira hayo, sarafu za Tabora, hasa zile za shaba na shaba nyeupe za heller 20, mara nyingi zilitoka na chapa hafifu tangu siku ya kwanza. Anayezitazama kwa macho ya kitabu cha Marekani atadhani zimelika, kumbe hazikuwahi kutumika. Mchakavu hutambulika kwa ulaini na weusi wa sehemu zilizoinuka. Chapa hafifu huacha uso ukiwa bado na mng'aro wake, hata kama mistari haikutokeza. Kitabu cha picha cha sarafu za Tabora kingepaswa kuziweka hizo mbili kando kwa kando, ukurasa mmoja.

(Neno “hela” tunalolitumia kila siku lilitokana na heller hiyo hiyo ya Wajerumani, ambazo 100 zilikuwa rupia moja. Sarafu zimetoweka sokoni zaidi ya karne moja. Jina limebaki mifukoni.)

Kosa linaloshusha daraja kuliko yote hufanywa nyumbani, tena kwa nia njema. Sarafu iliyotoka kwenye sanduku la babu ikiwa imefifia husuguliwa kwa ndimu na majivu, au dawa ya meno, mpaka ing'ae. Mng'aro huo si ule wa asili. Chini ya kioo cha kukuzia huonekana mikwaruzo mingi myembamba inayokwenda upande mmoja, na kampuni za kupima huweza kukataa kabisa kuipa sarafu hiyo namba, zikaandika tu kwamba imesafishwa. Vivyo hivyo kwa iliyotobolewa iwe kidani, jambo la kawaida kwa sarafu za dhahabu.

Picha husaidia pia dhidi ya bandia, kwani tembo wa Tabora ameigwa sana. Uzito ukipungua au kuzidi gramu 7.168 kwa kiasi kinachoonekana kwenye mizani ya sonara, kuna sababu ya kutia shaka. Uzito ukiwa sawa, ndipo herufi na mistari ya mlima hulinganishwa na picha ya sarafu iliyothibitishwa. Kampuni za kupima na nyumba za mnada huweka picha za namna hiyo kwenye intaneti, na hazihitaji malipo kuzitazama.

Aliye na sarafu ya aina hii na anayetaka ushauri kabla ya kuuza anaweza kuipiga picha mwenyewe kwa simu. Iwekwe juu ya kitambaa cheusi kisicho na manyoya, karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukitokea ubavuni na si juu. Ishikwe kwa ukingo, si kwa uso. Ipigwe pande zote mbili, kisha mara nyingine ikiwa imeinamishwa kidogo. Isioshwe.