Zamu ya Maji

Nilipewa kalamu kwa sababu moja tu: nilifika chuo kikuu. Kwamba niliondoka mwaka wa tatu bila cheti, hilo wenzangu hawakulijali. Sisi ni watu kumi na wanne tunaolima kiwanja nyuma ya ploti, ambacho mwenyewe bado hajapata pesa za kujenga. Tuna sukuma wiki, managu, kunde, na vitunguu vya mzee mmoja asiyependa kushauriwa. Bomba ni moja. Miaka miwili tuliishi bila sheria yoyote iliyoandikwa, hadi mama mmoja aliposafiri kwenda nyumbani kumuuguza mamake, akakaa wiki saba. Magugu yakafunika kipande chake. Majirani wawili wakakitaka, wengine wakasema ni aibu kumnyang'anya mtu ardhi akiwa kwa mgonjwa. Mwishowe wote wakanigeukia: wewe umesoma, andika sheria tujue moja.

Kabla ya kuandika nilitaka kujua watu wengine, waliogawana shamba na maji kabla yetu, waliandika nini. Na hasa, walimfanya nini mtu asiyekuwepo.

Kitu nilichokumbuka kutoka darasani ni Garrett Hardin. Mwaka 1968 Mmarekani huyu alichapisha makala katika jarida la Science akisema kwamba malisho ya wote lazima yataharibika, kwa kuwa kila mchungaji ataongeza ng'ombe mmoja, na mwingine, hadi nyasi ziishe. Tulifundishwa hilo kama vile ni kanuni ya hisabati. Jina la Elinor Ostrom nililipata mwenyewe baadaye, nikiwa nje ya geti. Yeye alifanya jambo ambalo Hardin hakulifanya: alichunguza watu halisi wanaogawana vitu. Kitabu chake cha 1990 kinataja wakulima wa bustani za Valencia, Uhispania, ambao mahakama yao ya maji hukutana kila Alhamisi saa sita mchana mlangoni pa kanisa kuu. Mahakimu ni wakulima waliochaguliwa na wakulima wenzao, kesi inasikizwa kwa mdomo, na uamuzi unatolewa papo hapo. Mwaka 2009 Ostrom akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Lakini Valencia ni mbali, na sisi tuna yetu.

Ukisimama Tot, kwenye Bonde la Kerio, uinue macho kuelekea ukingo wa Elgeyo, utaona ukuta wa mawe na vichaka na utajiuliza ni nani angeweza kulima hapo chini, mahali palipokauka namna hiyo. Jibu limeshikilia ukutani kwenyewe. Wamarakwet walichimba mifereji inayotoa maji kwenye mito kama Embobut na Arror, ikaambaa na mteremko kilomita nyingi, mahali pengine ikipita juu ya genge kwa kuegemezwa kwenye magogo na mawe yaliyopangwa. (Nikisema mfereji namaanisha mtaro wa kumwagilia shamba, si bomba la jikoni. Sisi Wakenya tumelichanganya neno hili.) Hakuna mhandisi wa serikali aliyeichora. Mzungu alipofika, alikuta maji tayari yanatembea na mtama na wimbi vimesimama.

Ustadi wa kuchimba ni jambo moja. Mimi nilivutiwa zaidi na mgao. Mfereji una wenyewe, yaani koo ambazo mababu zao waliuchimba, na ndani ya ukoo maji yanagawanywa kwa muda, kwa zamu za mchana na zamu za usiku. Anayeitwa kwenda kurekebisha mfereji uliobomoka na asifike, hutozwa faini. Anayeiba maji ya mwenzake huitwa mbele ya kokwo, baraza la wanaume, na kesi yake huzungumzwa chini ya mti hadi iishe. Na mwenye zamu ambaye leo haihitaji anaweza kumwazima jamaa au rafiki, akijua kwamba siku yake ya kukaukiwa naye ataazimwa.

Hapo ndipo nilipopata jibu la kwanza la swali langu. Haki ya maji ni ya ukoo kwanza, mtu binafsi baadaye. Kijana akienda Eldoret kutafuta kazi, zamu ya nyumbani kwao haifi. Ndugu zake wanaitumia. Kutokuwepo kwake si kosa mradi kuna mtu wa kubeba jembe siku ya kazi.

Nilisoma hayo kwa sauti siku ya Jumapili, tukiwa tumekaa kwenye matofali, na tukakubaliana upesi kuliko nilivyotarajia. Anayesafiri amtaje mtu wa kumlimia. Aliyemlimia atachuma nusu. Asiyemtaja mtu, kikundi kitamtafutia. Yule mama alirudi akakuta kipande chake kimepaliliwa, na sukuma imechumwa kweli kweli.

Kusoma sikuacha, kwa sababu kulikuwa na shamba lingine nililotaka kulielewa, na kanuni zake hazikuwa za kuzungumzwa chini ya mti.

Skimu ya mpunga ya Mwea, kule Kirinyaga, ilianza miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari. Mitaro yake ya kwanza ilichimbwa na wafungwa wa Mau Mau. Ukisikia jina Mwea katika kumbukumbu za wakati huo, usifikirie pishori; fikiria kambi, na mwaka 1957, wafungwa wakipigwa hadi wakubali kushirikiana na serikali. Udongo ule mweusi wa mfinyanzi, ambao leo unatupa wali mtamu kuliko wote nchini, ulipinduliwa kwanza na watu ambao hawakuwa na ruhusa ya kwenda nyumbani.

Kambi zikafungwa, uhuru ukaja, na mwaka 1966 Bunge likapitisha Sheria ya Unyunyizaji iliyounda Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji. Mkulima wa Mwea akawa mpangaji mwenye leseni. Alipewa ekari nne. Meneja ndiye aliyeamua kipandwe nini na lini, na maji yafunguliwe siku gani. Mkulima alitakiwa kuipa kazi ya shamba muda wake wote, na hakuruhusiwa kukaa mbali na skimu bila idhini. Mifugo ilihitaji ruhusa. Kanuni ziliingia hadi nyumbani, zikaweka mipaka juu ya nani anaweza kuishi naye. Mavuno yote yalikwenda kwa bodi, isipokuwa magunia machache ya kula. Akikiuka, leseni inaweza kufutwa na familia nzima ihame.

Linganisha sasa na Marakwet juu ya lile jambo moja la kutokuwepo. Kule, mtu akiondoka wanauliza nani atamshikia zamu. Mwea wanauliza ni nani alimruhusu. Mimi naisikia sauti ya kambi katika swali hilo la pili. Najua kuna watakaosema skimu ililipa karo za shule na kujenga nyumba za mabati, na ni kweli, kwa miaka mingi ilisifiwa kuwa mfano wa kuigwa. Ilisifiwa zaidi na wasiokuwa wapangaji.

Mwaka 1998 wakulima walichoka. Bei ya bodi ilikuwa chini ya bei ya soko na kila mtu aliona, kwa sababu soko lilikuwa hapo hapo barabarani. Wakakataa kupeleka mpunga kwa bodi, wakaupeleka kwa chama chao cha ushirika. Serikali ikaleta polisi, na mwanzoni mwa 1999 watu wakauawa. Bado wakulima hawakurudi nyuma. Kwa miaka kadhaa Mwea ikawa yao, pamoja na mitaro na malango yake ya maji.

Sehemu hii ya hadithi haipigiwi sana makofi, lakini ndiyo ninayoipenda. Baada ya kumfukuza meneja, waligundua kwamba maji hayajui siasa. Walio juu ya mtaro walifungua walivyotaka, walio mwisho wakabaki na udongo uliopasuka. Pembeni walizidi wakulima walioitwa wa jua kali, waliolima mpunga nje ya mipaka ya skimu na kuvuta maji yale yale. Nao pia walikuwa watoto na jamaa wa wapangaji, kwa hivyo huwezi kuwaita wezi ukamaliza. Ilibidi watu wakae chini wapange zamu, wachange pesa za kuzibua mitaro, wabishane. Bodi iliporudi, ilirudi kwa makubaliano: yenyewe ishike mitaro mikubwa, na vyama vya watumiaji maji vishike midogo. Sheria ya 2019 ikaondoa bodi na kuweka Mamlaka ya Taifa ya Unyunyizaji.

Kwa hiyo ningeweza kusema Marakwet walikuwa sahihi tangu mwanzo. Siwezi, na sababu ni wale wenzangu kumi na mmoja kati ya kumi na wanne ambao ni wanawake.

Marakwet, mwanamke ndiye anayepalilia na kuvuna. Lakini mfereji wenyewe ni mambo ya wanaume. Hatakiwi kwenda kule juu unakochepushwa mtoni, wala haketi kwenye kokwo maji yanapogawanywa. Akihitaji maji hupitia kwa mume, mwana, au shemeji. Mjane asiye na mwana mkubwa huomba. Ule uungwana wa kuazimana niliousifu hapo juu, kwake una ngazi moja zaidi ya kupanda.

Na Mwea? Mwaka 1973 kilitoka kitabu cha utafiti juu ya skimu hiyo, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris, na kuna sura nzima kuhusu wanawake. Waliopanga skimu walihesabu ekari, maji na magunia. Hawakuhesabu vizuri mahindi na maharagwe ambayo mke alikuwa akilima kwao kabla ya kuhamia pale, wala kuni, ambazo katika tambarare ile ya mpunga zilikuwa haba. Kwa hiyo mwanamke alifanya kazi kwenye mpunga wa mumewe, kisha akahitaji pesa kununua chakula ambacho zamani alikitoa shambani mwake. Malipo ya bodi yalikwenda kwa mume. Mke alipewa mpunga kiasi baada ya mavuno, kadiri mume alivyoona inafaa, na alipouuza kimyakimya nje ya skimu ili anunue mahindi, huo ukawa magendo.

Leseni ya Mwea ilikuwa na nafasi ya jina moja kwa kila shamba, na mara nyingi halikuwa lake.