Kitabu kama Sanaa: Maandishi, Picha na Umbo katika Historia ya Kiswahili cha Kongo

1. Utangulizi

Jina la Manguredjipa, mji wa machimbo ya dhahabu ulioko magharibi ya Butembo, huandikwa kwa herufi "dj". Mtu aliyefunzwa Kiswahili sanifu angeliandika "Mangurejipa", na matamshi yasingebadilika. Hata hivyo kitu kingepotea. Ile "d" ni alama ya kalamu iliyozoea Kifaransa, nayo yatukumbusha ni utawala gani ulioandika jina hilo katika ramani na daftari zake. Tahajia, basi, ni ushahidi wa kihistoria.

Makala haya yanadai kwamba lililo kweli kwa jina moja ni kweli zaidi kwa kitabu kizima. Kitabu ni maandishi, picha na umbo vilivyoshikamana, na msomi anayechukua maneno na kuyaacha mengine hupokea nusu ya habari. Tutaanza kwa kifupi na pwani, ambako sanaa ya kitabu ni ya kale, kisha tutatazama kazi mbili za Kongo ambazo wengi wasingeziita vitabu vya sanaa hata kidogo.

2. Misahafu ya Siyu

Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika kwa nakshi za mbao, kazi za ngozi na unakili wa vitabu. Misahafu iliyoandikwa huko katika karne ya 18 na ya 19 ilitumia karatasi iliyoletwa kutoka ng'ambo, lakini mapambo yake yana sura ya mahali pale. Rangi ni chache, hasa nyeusi, nyekundu na njano, na fremu za mapambo huyazunguka maandishi kama vile nakshi inavyouzunguka mlango.

Tusidhani kwamba pambo hilo lilikuwa la kufurahisha macho tu. Katika msahafu, alama za irabu na za mwisho wa aya humwongoza msomaji wapi aivute sauti na wapi atue. Ukurasa umeundwa kwa ajili ya mdomo na sikio pamoja na jicho. Hoja hii tuiweke akilini, kwa kuwa tutakutana nayo tena mbali sana na Siyu, katika karatasi zisizo na nakshi yoyote.

3. Kitabu cha watumishi wa Elisabethville

Mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya Elisabethville kuitwa Lubumbashi, chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kilitoa kijitabu cha historia ya mji wao. Mkusanyaji wake aliitwa André Yav. Kijitabu hicho kilipigwa taipu kwa Kiswahili cha Katanga na kunakiliwa kwa stensili. Kinajulikana kwa neno la Kifaransa "Vocabulaire", yaani msamiati, ingawa si kamusi. Ni masimulizi ya kuja kwa Wazungu, ya kuanzishwa kwa mji mwaka 1910, ya kazi na taabu za "maboyi", na ya majina ambayo Waafrika waliwapa mabwana zao. Ni historia iliyoandikwa na watu waliopika na kufua katika nyumba ambazo wenyewe hawakuruhusiwa kukaa.

Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha mwaka 1990, na jambo alilokutana nalo lina mafunzo makubwa kwetu. Ukitazamwa kwa macho, ukurasa wa Yav ulikuwa mgumu mno kueleweka. Maneno yamekatwa pasipotarajiwa na mengine yameunganishwa, na alama za kituo hazifuati kanuni tulizozoea. Mwandishi wa namna hiyo, kwa mfano, anaweza kuandika "ni li kwenda" mahali petu pa "nilikwenda". Fumbo lilifumbuliwa pale Kalundi Mango, mzungumzaji wa Kiswahili hicho, alipoyasoma maandishi yote kwa sauti, akarekodiwa, na usomaji wake ukaandikwa upya. Kilichoonekana vurugu kwa jicho kilikuwa usemi mnyoofu kwa sikio.

Je, tuseme Yav alikosea tahajia? Swali hilo halitufikishi mbali. Mtumishi hakufunzwa Kiswahili ili aandike vitabu. Alifunzwa, kama alifunzwa, ili apokee amri. Alipoketi mbele ya mashine ya taipu, hakuwa na mfano wa kufuata isipokuwa sauti ya wenzake na barua za ofisini. Mikato yake ya maneno inatuonyesha mtu anayeitengeneza njia huku akitembea. Tukiisahihisha kimyakimya, tutapata Kiswahili safi, lakini tutakuwa tumeifuta safari yenyewe. Tena uduni wa karatasi na wino wa stensili ni sehemu ya maana: hicho ndicho kiwanda cha uchapaji walichoweza kukimudu watu wa daraja lao.

Kwa sababu hiyo toleo la 1990 lilifanya vema kuweka pamoja nakala ya kurasa zenyewe, usomaji ulioandikwa upya na tafsiri. Hakuna moja kati ya hizo inayotosha peke yake.

4. Picha zilizogeuka kitabu

Mfano wa pili ni Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Kama wachoraji wengine wa mji huo, aliuza picha za kutundikwa sebuleni. Mojawapo ya aina zilizopendwa iliitwa "Colonie Belge", yenye askari, bendera na mfungwa anayechapwa fimbo. Mnamo miaka ya 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo 100 zinazosimulia historia ya Zaire, akamweleza Fabian kila moja kwa Kiswahili. Tshibumba alijiita mwanahistoria.

Hapa maandishi, picha na sauti hugawana kazi. Maneno yaliyochorwa juu ya kitambaa mara nyingi ni ya Kifaransa, lugha ya hati na ya serikali. Maelezo ya mdomo ni ya Kiswahili. Picha nayo husema ambalo vyote viwili vingesita kulisema. Katika picha ya kifo cha Patrice Lumumba na wenzake Mpolo na Okito, misalaba mitatu imesimama kwa mbali. Mtazamaji aliyelelewa kanisani hahitaji maelezo zaidi.

Mwaka 1996 picha hizo zilichapishwa katika kitabu pamoja na mazungumzo ya mchoraji. Zilizokuwa za kutundikwa zikawa za kufunuliwa: zilipoteza ukubwa wake, zikapata mpangilio wa masimulizi. Umbo lilipobadilika, usomaji nao ulibadilika.

5. Hitimisho

Mafunzo haya yanatuhusu sisi wa Butembo, Beni na Manguredjipa kwa namna ya pekee. Hapa mtu huongea Kinande au Kipere nyumbani, Kiswahili sokoni na machimboni, na Kifaransa darasani. Anayeandika Kiswahili huleta lugha zote hizo katika ukurasa mmoja. Daftari za hesabu za dhahabu, vijitabu vya nyimbo za kwaya na maandishi ya rangi juu ya kuta za maduka ni maktaba ambayo idara zetu hazijaizoea. Aidha, maktaba hiyo ni dhaifu. Mashambulizi ya ADF katika eneo la Bapere mwaka 2024 yaliwahamisha watu wengi, na anayekimbia usiku hubeba mtoto kabla ya daftari.

Kwa hiyo mwanafunzi anayekusanya maandishi ya namna hii afanye mambo matatu, kwa utaratibu huu. Kwanza, aupige picha ukurasa kama ulivyo, pamoja na jalada, michoro na madoa yake. Pili, amwombe mwenyewe, au mtu wa kwao, ausome kwa sauti, na amrekodi. Tatu, na hapo tu, aandike nakala ya tahajia sanifu. Mara nyingi sisi huanza na la tatu na kuishia hapo. Usanifu una kazi yake njema, lakini haukupewa kazi ya kufuta alama za mikono ya waliotutangulia.